Mwanamke Anayebeba: Wangechi Mutu Akitazamwa Kutoka Busia

Hapa Busia mtu hujulikana kwa anachobeba. Mama anayevuka asubuhi kutoka upande wa Uganda na beseni la nyanya juu ya ngata ndiye huyo huyo atakayerudi jioni na katoni ya sabuni na mafuta ya kupikia. Nyuma yake zinakuja baiskeli zilizopangwa trei za mayai, mikokoteni ya magunia ya maharagwe, na zile baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, ambazo watu wenye ulemavu wa miguu wamezitumia miaka na miaka kuvusha bidhaa na kulisha familia. Ukipanda kaskazini hadi Malaba, mzigo unabadilika umbo tu. Huko ni matrela yaliyotoka bandari ya Mombasa, yamepanga foleni kuelekea Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo, na tanboi anachemsha chai kando ya gurudumu akisubiri foleni isogee.

Mwaka 2015, katika maonyesho ya sanaa ya mji wa Venice nchini Italia, watu waliosafiri kutoka pande zote za dunia walisimama gizani wakimtazama mwanamke Mwafrika aliyebeba kikapu kichwani. Hakuwa mwanamke wa kweli bali video, iliyotandazwa kwenye skrini tatu zilizounganishwa. Anatembea peke yake kwenye mgongo wa kilima. Mwanzoni kikapu ni chepesi. Kadiri anavyosonga, vitu vinaongezeka ndani yake bila yeye kuviomba: gurudumu la baiskeli, dishi la kunasa matangazo, majengo ya ghorofa, mitambo ya kuchimbia mafuta. Mgongo unapinda. Hatua zinakuwa fupi. Mwishowe huwezi kutenganisha mtu na mzigo. Vimekuwa bonge moja, na bonge hilo linamezwa na ardhi. Kisha video inaanza upya.

Kazi hiyo inaitwa The End of Carrying All. Aliyeibuni, na ambaye ndiye anayeonekana akitembea, ni Wangechi Mutu. Makavazi ya Marekani humtaja kama msanii wa Kimarekani mzaliwa wa Kenya, na sisi humtaja kama Mkenya anayeishi Marekani. Maonyesho yenyewe yalisimamiwa na marehemu Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa jukumu hilo tangu maonyesho ya Venice yaanze katika karne ya 19.

Nimeamua kuandika juu yake nikiwa mpakani, si Nairobi alikozaliwa, kwa sababu naamini kazi yake ya zaidi ya miaka 20 ni mabishano marefu na mwanamke anayebeba. Na kama kuna mahali pa kuyapima mabishano hayo, ni hapa.

Wangechi alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Alisoma Loreto Convent Msongari, shule ya masista, kisha akiwa bado kijana akaenda Wales katika chuo cha Atlantic, kimoja cha vile vyuo vya kimataifa vinavyokusanya wanafunzi kutoka nchi nyingi. Alimaliza huko mwaka 1991 na miaka michache baadaye akatua New York. Shahada ya kwanza aliipata katika chuo cha Cooper Union mwaka 1996, na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Yale alisomea uchongaji. Jambo hili husahaulika kwa sababu jina lake lilivuma kwanza kwa picha za karatasi, na alipoanza kutengeneza sanamu kubwa wengi walidhani amebadilisha kazi. Alikuwa anarudi kwenye kazi aliyoisomea.

Kati ya masomo na umaarufu palikuwa na kipindi kirefu ambacho hakuweza kurudi nyumbani. Sababu ilikuwa ni karatasi. Hati zake za uhamiaji hazikuwa zimekamilika, na mtu aliye katika hali hiyo akitoka Marekani huenda asiruhusiwe kuingia tena. Wakazi wa Busia wanaweza kuona jambo hili kama kichekesho. Tangu mwaka 2014, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho tu, na kabla ya hapo watu wa hapa walikuwa wakienda matanga upande wa pili bila kumuuliza mtu. Wateso wako pande zote mbili, Wasamia vivyo hivyo. Lakini ndani ya kichekesho hicho kuna jambo ambalo kila mtu wa mpakani analijua: mstari ule ule ambao mmoja anauvuka akinywa soda unaweza kumfungia mwenzake maisha yote.

Mwaka 2004, katika kipindi hicho, alitengeneza video inayoitwa Cutting. Ndani yake anaonekana akilikatakata gogo kwa panga, jua likizama, pigo baada ya pigo hadi achoke. Ukiitazama bila kuambiwa utadhani ni Machakos au Turkana. La. Ni Presidio, mji mdogo wa jimbo la Texas ulio kwenye mpaka wa Marekani na Mexico. Mwaka uliofuata akatengeneza nyingine, Amazing Grace, anakotembea kuingia baharini akiuimba wimbo huo wa kanisani kwa Kikuyu. Wimbo uliotungwa na Mwingereza aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, ukiimbwa kwa lugha ya kwao Wangechi, mbele ya bahari hiyo hiyo ya Atlantiki iliyowachukua watumwa. Sijui kama kuna njia fupi zaidi ya kusema yote hayo.

Kilichomtangaza, hata hivyo, ni mkasi na gundi. Wangechi alikusanya majarida ya mitindo, ya pikipiki na magari, ya jiografia na ya picha za ngono, akakata macho hapa, mguu pale, kipande cha injini, ngozi ya chui, kisha akaviunganisha na rangi na wino hadi vikawa mwanamke mmoja mrembo wa kutisha. Kati ya kazi hizo, zinazojulikana sana ni zile 12 alizobandika juu ya michoro ya kale ya madaktari iliyoonyesha magonjwa ya kizazi. Mchoro wa tumbo la uzazi unageuka uso. Vifaa vya daktari vinakuwa pua. Uso unakutazama, nawe huna uhakika kama unakucheka au unakulilia.

Anayejua soko la mitumba la Busia hahitaji profesa wa sanaa kumfafanulia. Robota likifunguliwa, watu hurarua kamba, hutoa koti la mwanajeshi wa nchi isiyojulikana, gauni la harusi, jezi ya timu ya shule ya Ohio, na kufikia jioni vitu hivyo vyote vinatembea barabarani juu ya miili ambayo havikukatiwa. Fundi cherehani wa pembeni atakuwa ameondoa mkono wa shati na kuuhamishia kwingine. Wangechi hufanya hivyo na picha. Anachukua kilichotupwa na wenye nacho, picha ambazo ndani yake mwanamke mweusi alikuwa ama hayupo ama yupo kama kitu cha kustaajabiwa, anazikata upya, halafu anamvisha mtu mwingine kabisa.

Hata takataka za plastiki zimepitia mikononi mwake. Katika kazi iitwayo Suspended Playtime, ya mwaka 2008, alifunga mifuko ya plastiki na blanketi za kufungia mizigo kwa kamba, akazining'iniza darini zikawa mipira mingi inayoelea. Mpira wa juala, kila mtoto wa Kenya wa kizazi chetu ameupiga. Leo vifaa vya kuutengeneza ni haramu. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na adhabu inaweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Bado mifuko hiyo inaingia, ikitoka Uganda, imefichwa ndani ya mizigo mingine na kupitishwa njia za panya za huku huku kwetu. Kile kilichoning'inizwa kwa heshima kwenye jumba la sanaa ndicho ambacho maafisa wa hapa wamekuwa wakikisaka.

Tufike sasa kwenye kazi ambayo nadhani ndiyo kilele chake.

Makavazi ya Metropolitan ya New York yana uso wa mawe unaotazama barabara ya Fifth Avenue. Katika uso huo mna vishubaka vinne vilivyokusudiwa kuwekwa sanamu. Jengo lilikamilika mwaka 1902, lakini vishubaka vikabaki wazi kwa miaka 117. Mwaka huo huo wa 1902, kwa anayependa visadfa, Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Kisumu, Naivasha na nchi yetu hii yote ilikuwa Uganda hadi wakati huo. Mpaka ulihama, watu hawakuhama.

Septemba 2019 vishubaka vilijazwa. Wangechi aliweka wanawake wanne wa shaba nyeusi, wote wameketi, miili yao imezungushiwa mikunjo kama kamba nene au shanga za mwili mzima. Vichwani wana visahani vilivyong'arishwa hadi vinaakisi jua, vinavyokumbusha visahani vya midomo na mapambo ya wanawake wa jamii kadhaa za Afrika. Sanamu hizo aliziita The NewOnes, will free Us.

Neno la msingi hapo ni kuketi. Kwa maelfu ya miaka wajenzi wa Ulaya, tangu Wagiriki, wamechonga wanawake wa mawe wakibeba mapaa ya mahekalu. Afrika nayo ina wabebaji wake. Vigoda vya watawala wa Kiluba huko Kongo huchongwa mwanamke aliyepiga magoti au kuchuchumaa, akishikilia kwa vichwa vya vidole kile kiti atakachokalia mtawala. Kimoja cha vigoda hivyo kimo ndani ya makavazi hayo hayo ya New York. Wangechi aliwatazama wanawake hao wote wabebaji, wa huko na wa huku, akawatua mizigo. Wanawake wake hawabebi paa wala mfalme. Wameketi, wanatazama watu wanaopanda ngazi.

Hakuwa wa kwanza kutoka pande zetu kufikiri juu ya mama na mzigo kwa kutumia sanamu. Gregory Maloba, aliyezaliwa mwaka 1922 Mumias, mwendo mfupi kutoka hapa, alivuka mpaka huu kwenda kusoma Makerere na baadaye kufundisha huko. Mnara wa Uhuru ulio katikati ya Kampala, uliosimikwa mwaka 1962, ni kazi ya mikono yake: mama aliyefungwa kwa vitambaa mwilini, ameinua mtoto juu kabisa. Waganda wanapiga picha mbele yake kila siku, na wachache wanajua kuwa uhuru wao ulichongwa na mtu wa Mumias. Mama wa Maloba anabeba kwa fahari, mzigo wake ni taifa changa. Miaka 57 baadaye, binti wa Nairobi anamkalisha chini.

Hapa ndipo nina neno la kubishana na msanii wetu. Katika The End of Carrying All, mzigo ni laana. Ni tamaa ya dunia nzima, viwanda na minara yake, ikitwikwa kichwani mwa mwanamke mmoja na mgongoni mwa ardhi. Kama fumbo juu ya mazingira, halina mpinzani. Lakini ukiitazama ukiwa Busia, kuna kitu kinakosekana. Mwanamke wa soko la hapa haogopi kikapu kinachojaa. Anaogopa kisichojaa. Mzigo ndio mtaji wake, ndio karo, ndio chama cha Jumamosi. Amepigania haki ya kubeba. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu kuvusha bidhaa za hadi dola 2,000 kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, haukuletwa ili apumzike. Uliletwa abebe bila kunyang'anywa.

Tuliliona jambo hili wazi mwaka 2020. Kenya na Uganda zilipofunga mpaka kwa sababu ya korona, matrela yaliendelea kupita, tena kwa foleni ndefu za kupimwa madereva pale Malaba. Waliozuiliwa ni watu waendao kwa miguu. Kontena likavuka, kikapu kikazuiwa. Kwa miezi kadhaa wanawake wa mpakani hawakubeba chochote, na hakuna aliyeona hilo kuwa ukombozi.

Basi je, Wangechi amekosea? Sidhani. Nadhani swali lake ni jingine: nani huamua kiingiacho kikapuni? Katika video yule mwanamke hachagui. Dishi linamtokea, ghorofa inamtokea. Mama wa Busia anachagua nyanya zake moja moja, anazibonyeza, anabishana bei kwa Kiteso, Kiluhya, Kiswahili na Kiganda kabla ya saa mbili asubuhi. Kilichomlemea tangu zamani ni vile asivyochagua: hongo ya njiani, ushuru wa kubahatisha, mkono wa askari kwenye njia ya panya. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Februari 24, 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kimepunguza mizunguko. Hakijaondoa kila mkono.

Miaka ya karibuni Wangechi ana karakana Nairobi pamoja na ile ya Brooklyn, na udongo wa nyumbani umeingia kazini mwake. Sanamu zake za sasa nyingi zina udongo mwekundu, mbao, pembe, karatasi iliyopondwa, vibuyu. Aliwahi kuyapa maonyesho yake ya London ya mwaka 2014 jina la Kiswahili, Nguva na Nyoka. Mwaka 2023 jumba zima la New Museum mjini New York lilijazwa kazi zake zaidi ya 100. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Galleria Borghese ya Rome, sanamu zake zikiwa jirani na mawe ya mchongaji Bernini. Kwa maoni yangu zile za udongo zinazidi za shaba. Shaba yake wakati mwingine ni nadhifu mno, kama vile imekwishajua itawekwa wapi. Udongo haujui.

Nazo za udongo zingekuwa na ndugu hapa jirani. Katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, si mbali na barabara ya Malaba, upo mwamba wa Kakapel. Ukutani mwake wawindaji wa kale walichora miduara ndani ya miduara kwa rangi nyekundu na nyeupe. Baadaye wakaja wafugaji, wakachora ng'ombe wenye pembe ndefu juu ya michoro ile ile, bila kufuta. Wengine wakaongeza yao. Ni picha ya tabaka juu ya tabaka, iliyotengenezwa na watu ambao hawakukutana, na ilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 2004. Wanaakiolojia waliochimba chini ya mwamba huo walichapisha matokeo yao mwaka 2024: walikuta mbegu za kunde za miaka 2,300 iliyopita, na wimbi pia, nafaka ambayo mpaka leo Wateso wanaipikia pombe ya kunywa kwa mirija. Watu wamekuwa wakipita hapa na mbegu vikapuni kabla hapajawa Kenya wala Uganda.

Wanafunzi wangapi wa Busia wameufikia mwamba huo? Wangapi wamewahi kuona hata sekunde moja ya video ya Wangechi?

Ninayo rai kwa Serikali ya Kaunti ya Busia na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwandikieni msanii, mumwombe ruhusa ya kuonyesha The End of Carrying All hapa, jioni moja, bila kiingilio. Hatuhitaji jumba. Projekta tatu, ukuta mmoja mrefu wa soko, na jenereta ya akiba kwa sababu stima tunaijua. Waalikwe kwanza wanawake wanaovuka na mizigo, wa pande zote mbili, nao ndio waulizwe baada ya filamu kama mambo ndivyo yalivyo. Asubuhi yake watoto wa shule wapelekwe Kakapel kwa basi la kaunti. Na wewe msomaji ukipita Malaba safari ijayo, usisubiri kaunti: uliza njia ya Kakapel. Wenyeji watakuelekeza.